Uloto Ukishashika: Miezi ya Virusi Baada ya Upandikizaji

(Hotuba kwa wazazi wa watoto wenye selimundu na wauguzi wa wodi za damu)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mlioko hapa, shikamooni. Ndugu wazazi, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana huko karibu na mlango, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie upandikizaji wa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na nadhani wengi mlitarajia nianze na vyumba vyenye hewa iliyochujwa, au na yule mdogo mtu aliyemtolea kaka yake seli. Hayo mmeshayasikia. Tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2021 kuwapandikiza seli shina wagonjwa wa saratani ya uloto, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilipoanza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, magazeti yameandika sana kuhusu siku ya upandikizaji. Siku yenyewe haina la kutazama. Mfuko unaning'inizwa, unadondoka taratibu hadi mshipani, mtoto mara nyingi amelala, baba amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Mimi nataka kuzungumzia kinachofuata, tangu wiki za kwanza hadi mwaka wa pili, na hasa habari ya virusi, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hushangazwa.

Kabla ya kupokea seli mpya, mgonjwa hupewa dawa kali za kuufuta uloto wake wa zamani na kuilaza kinga yake, mwili usije ukazikataa seli za mtoaji. Kisha tunasubiri. Kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, majibu ya damu yanaonyesha chembe nyeupe zimeanza kupanda. Daktari anaingia na kusema: uloto umeshika. Mama anapiga vigelegele, simu zinapigwa hadi kijijini, na wana haki ya kufurahi. Ila chembe zilizopanda siku hiyo ni neutrofili, ambazo kazi yake kubwa ni bakteria na fangasi. Virusi vinadhibitiwa hasa na chembe nyingine, limfosaiti za aina ya T, na hizo huchelewa. Zinaweza kuchukua miezi sita, zinaweza kuchukua mwaka, na kwa mgonjwa anayeendelea kumeza dawa za kutuliza kinga zinaweza kuchukua zaidi. Kati ya siku uloto uliposhika na siku chembe za T zitakapokuwa zimerudi kuna pengo refu, mtoto anaonekana mzima kabisa, anakula, anacheza, anataka kurudi shule. Virusi hupenya katika pengo hilo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi ni hili: "Dokta, amekitoa wapi kirusi, na sisi hatukumruhusu hata shangazi yake aingie?" Jibu ni kwamba alikuja nacho. Virusi vya jamii ya herpesi, mtu akishavipata utotoni, havitoki tena. Hukaa mwilini kama mpangaji ambaye hana nia ya kuhama. Kinga ikiwa imara ananyamaza chumbani mwake, kinga ikilala anatoka na kutembea nyumba nzima. Kirusi cha vidonda vya mdomoni kimo humo. Cha tetekuwanga kimo humo, na ndicho hurudi ukubwani kwa sura ya mkanda wa jeshi. Sitomegalo, ambacho wodini tunakiita CMV, kimo humo, na kile cha Epstein-Barr pia. Kwa hiyo kabla ya upandikizaji tunapima damu ya mgonjwa na ya mtoaji, tujue nani amebeba nini.

Vile viwili vya mwanzo tuna dawa yake nzuri, asiklovia. Gertrude Elion, mmoja wa wanasayansi ambao kazi yao ilizaa dawa hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na leo vidonge vyake vinapatikana kwenye maduka ya dawa ya kawaida. Bila asiklovia, wagonjwa wengi wenye kirusi cha vidonda vya mdomoni wangeamka nacho ndani ya mwezi wa kwanza, mdomo umechubuka hadi kooni, wakati ambao hata kumeza mate ni shida. Tunaianza mapema na kuiendeleza angalau mwaka mzima, muda mrefu zaidi kwa wanaomeza dawa za kutuliza kinga. Wazazi, hapa ndipo vidonge huachwa. Mwezi wa tano mtoto hana kipele hata kimoja, na kopo limekwisha, basi mtu anasema atanunua mwisho wa mwezi. Wauguzi, nanyi mkumbuke kwamba mkanda wa jeshi kwa mgonjwa wa uloto unaweza kuanzia tumboni. Maumivu makali ya tumbo, vimeng'enya vya ini vimepanda, na ngozi bado safi. Malengelenge yanakuja siku kadhaa baadaye, au yasije kabisa. Ukisubiri upele ndipo umwite daktari, umechelewa.

Sasa CMV. Hapa nitakaa kidogo.

Edward Donnall Thomas na wenzake wa Seattle, Marekani, ndio walioifanya tiba hii kuwa tiba, naye alipewa Nobel mwaka 1990. Katika miaka ya sabini na themanini walikuwa na tatizo la kukatisha tamaa: mgonjwa anapona leukemia, yaani saratani ya damu, uloto umeshika, halafu mwezi wa pili au wa tatu anaanza kukohoa, pumzi inabana, picha ya kifua inaonyesha mapafu yote mawili yameziba. Nimonia ya CMV. Ikishaanza, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikufa. Gansiklovia, dawa ya CMV, ilipopatikana ilisaidia kidogo tu ikianzishwa baada ya nimonia. Mabadiliko makubwa yalikuja walipoacha kuisubiri. Utafiti wa Seattle uliochapishwa mwaka 1991 uliwachukua wagonjwa ambao kirusi kimeonekana kwenye koo, mkojo au damu yao lakini bado hawajaugua. Waliopewa kidanganyio kisicho na dawa ndani, 15 kati ya 35 waliugua CMV. Waliopewa gansiklovia, aliugua mmoja kati ya 37.

Mpaka leo tunaishi kwa mantiki hiyo. Kila wiki, tangu uloto unaposhika hadi angalau siku ya 100 baada ya upandikizaji, tunapima wingi wa virusi vya CMV kwenye damu. Wenye ndugu wanaohudhuria CTC, zile kliniki za VVU, mnaujua msemo huo, wingi wa virusi. Teknolojia ni ileile ya PCR iliyotumika pia wakati wa UVIKO-19. Kipimo kikivuka kiwango, tunaanza dawa mtoto akiwa bado anacheza mpira kwenye korido. Mzazi mmoja aliwahi kunikasirikia, akasema tunamdunga mtoto asiyeumwa. Nilimwelewa. Kwa macho, mtoto alikuwa haumwi.

Gansiklovia haikosi mambo yake. Inatolewa kwa dripu mara mbili kwa siku, au kwa kidonge cha ndugu yake valgansiklovia, na inaudhoofisha uloto uleule tulioulilia. Chembe nyeupe zinashuka tena. Tukihama kwenda kwenye foskaneti, uloto unapumua lakini figo zinaumia, na potasiamu, kalisi na magnesi huporomoka. Muuguzi wa zamu asiyefuatilia majibu ya chumvi za damu anaweza kushtukia mgonjwa ana degedege. Tangu mwaka 2017 ipo letemovia, ambayo haigusi uloto na hutolewa kama kinga kabla kirusi hakijaonekana. Katika jaribio lililoithibitisha, hadi wiki ya 24 karibu wagonjwa 38 kati ya 100 walipata CMV ya kuhitaji hatua, dhidi ya karibu 61 kati ya 100 wasioitumia. Ni dawa nzuri. Ni ghali pia, na ina mitego miwili: haizuii vidonda vya mdomoni wala mkanda wa jeshi, kwa hiyo asiklovia inaendelea palepale, na ikitumika pamoja na siklosporini, mojawapo ya dawa za kutuliza kinga, dozi ya letemovia inashushwa kutoka miligramu 480 hadi 240. Halafu ikisimamishwa, wapo ambao CMV huamka wakati huo, wakati kila mtu ameshasahau.

Vitabu vya Ulaya vinasisitiza kutafuta mtoaji asiye na CMV kwa mgonjwa asiye nayo. Kwetu ushauri huo hauna mahali pa kushika, kwa sababu watu wazima karibu wote, na watoto wengi, tumeshaipata. Na si balaa tupu. Mgonjwa ambaye tayari ana CMV ni afadhali apewe uloto wa mtoaji mwenye CMV pia, kwa sababu baadhi ya chembe za T zinazokuja na mfuko zinakifahamu kirusi hicho. Kwa hiyo mkisikia mdogo mtu "amekutwa na CMV", msimtazame vibaya, na msimpigie simu bibi kumwambia mtoaji ameharibika.

Na nitasema jambo ambalo si la kitabibu sana. Familia inatoka Kigoma, au Shinyanga. Mtoto anaruhusiwa kutoka wodini wiki ya tano au ya sita. Chumba cha kupanga kinalipwa, ndugu wengine wameachwa kwa jirani, msimu wa kulima umefika. Wanarudi nyumbani, na kipimo cha kila wiki kinakoma siku hiyohiyo, katikati kabisa ya miezi ya CMV. Bajeti ya upandikizaji isiyo na kodi ya chumba na nauli hadi siku ya 100 imepungukiwa dawa, hata kama kabati la famasia limejaa. Kadhalika mashine ya PCR isiyo na vitendanishi wiki mbili mfululizo. Mkinipa fedha za kitu kimoja tu leo, sitanunua letemovia. Nitanunua vitendanishi na kulipa vyumba. Wenzangu wengine wanabishana nami katika hili, na hoja yao ina uzito: kipimo cha kila wiki kinahitaji maabara isiyolala, kidonge kinahitaji maji tu ya kumezea.

Kirusi cha Epstein-Barr kina historia ya hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt alikuwa mpasuaji Kampala, akaona watoto wengi wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 alihutubia London, na aliyekaa kumsikiliza ni Anthony Epstein, ambaye alianza kupelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Mwezi Desemba 1963 ndege moja ilikwama kwa ukungu, ikateremka Manchester badala ya London. Sampuli ilipofika ilikuwa imechafuka, maji yake yana ukungu, mtu mwingine angeitupa akidhani imeoza. Kumbe ule ukungu ulikuwa seli za uvimbe zilizojitenga na kuelea, nazo zilikubali kuota maabara. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona kwa darubini ya elektroni. Sisi wengi hukipata kabla hata ya kuanza shule, bila kujua. Baada ya upandikizaji, chembe za T zikiwa hazipo, kinaweza kuzisukuma limfosaiti za aina ya B zizaliane bila breki hadi kuwa limfoma. Dalili ni homa isiyoelezeka na matezi. Tiba ya kwanza ni kupunguza dawa za kutuliza kinga ikiwezekana, pamoja na rituksimabu, dawa inayoziua limfosaiti za B. Kuna tiba ya kumwongezea mgonjwa chembe za T zilizofunzwa kukilenga kirusi. Ulaya iliidhinisha moja mwishoni mwa mwaka 2022. Kwetu bado iko mbali, lakini wanafunzi, ishikeni kazi hiyo akilini, mtaikuta mkiwa mabingwa.

Kirusi cha BK kinakaa kwenye figo na kibofu. Kikiamka, mtoto anakojoa damu, mabonge kabisa, na analia kila akienda chooni. Hatuna dawa ya uhakika ya kukiua. Tunampa maji mengi, dawa za maumivu, chembe sahani, na ikibidi tunasafisha kibofu kwa mpira. Kwa wengi hutulia kinga inaporudi. Adenovirusi huwasumbua zaidi watoto: kuhara, macho mekundu, wakati mwingine ini. Sidofovia inatumika, nayo inaziumiza figo.

Homa ya ini aina ya B naitenga, kwa sababu hii tunaweza kuizuia karibu kabisa na bado inatuponyoka. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wazazi wengi hapa hamkuipata. Mtu anaweza kuwa aliugua zamani, akapona, na kipimo cha kawaida cha haraka kikasema hana kitu, kumbe kirusi kimejificha kwenye ini. Kinga ikilazwa kinafufuka. Kwa hiyo tunapima alama zote, pamoja na ile ya maambukizi ya zamani, kwa mgonjwa na kwa mtoaji, na anayehitaji anapewa tenofovia au entekavia kwa muda mrefu, hata baada ya dawa za kutuliza kinga kuachwa. Ugumu ni kwamba tenofovia inafahamika mitaani kama dawa ya UKIMWI. Nimeona mtu mzima akihamishia vidonge kwenye kopo la vitamini ili mashemeji wasione, halafu akachanganya dozi. Mkitaka kuficha, njooni tufiche pamoja, tuandike kopo vizuri.

Virusi vya nje navyo vipo, na hapa mila zetu zinabanwa. Mgonjwa kwetu hutembelewa. Asiyekuja kutoa pole anaonekana ana kinyongo. Lakini yale tunayoyaita "mafua tu" yanaweza kushuka mapafuni kwa mtoto huyu na kumrudisha kwenye oksijeni. Influenza ina dawa ikianzwa mapema. Virusi vingine vingi vya mafua havina dawa ya kueleweka. Basi mwenye kikohozi asiingie, hata awe babu aliyesafiri usiku kucha kwa basi. Mpeni kiti nje, piga simu ya video. Kila anayeingia anawe mikono kwa sabuni, na huyo ni pamoja na daktari. Nyungu msimfukize. Na mitishamba msimpe kimyakimya, wala balungi, maana hupandisha siklosporini kwenye damu, na sisi tutahangaika kutafuta sababu ya figo kuchoka.

Chanjo. Upandikizaji hufuta kumbukumbu ya chanjo za utotoni, kwa hiyo kadi ya kliniki tunaianza upya. Chanjo zisizo na kirusi hai, kama za nimonia na ya influenza, huanza kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na ya homa ya ini B inafuata. Zenye kirusi hai, yaani surua na rubela, tetekuwanga na homa ya manjano, zinasubiri angalau miaka miwili, na hapo iwe ameshaacha dawa za kutuliza kinga na hana ugonjwa wa pandikizi kumshambulia mwenyeji, yaani seli za mtoaji kuushambulia mwili wake. Safari ikidai cheti cha homa ya manjano kabla ya hapo, tutawaandikia barua. Ndugu zake nyumbani wapewe chanjo zao zote kwa wakati, surua hasa. Wao ndio ukuta wake. Tahadhari moja ni matone ya polio, kwa sababu kirusi chake hutoka na choo. Kampeni ya nyumba kwa nyumba ikipita, mwambieni mhudumu kuna mtoto aliyepandikizwa uloto, naye mtoto huyo asipewe matone. Kukiwa na kichanga aliyepewa matone ya rota, nepi zibadilishwe na mtu mwingine, kwa mwezi mmoja hivi.

Surua ikiingia shuleni kwake, au mwenzake wa dawati akitoka tetekuwanga, msisubiri muone kama ameambukizwa. Njooni siku hiyohiyo. Kingamwili za surua zina maana zikitolewa ndani ya siku sita tangu alipokutana na mgonjwa, na kwa tetekuwanga tuna la kufanya pia, mradi mapema.

Homa ya nyuzi 38, saa nane usiku, si ya panadoli na kusubiri kupambazuke. Mleteni, na mkifika mapokezi semeni neno la kwanza kabisa kwamba ni mtoto wa uloto, msikae kwenye benchi pamoja na wanaokohoa. Wauguzi wa mapokezi, mnanisikia.

Haya, maswali. Tuanze na mama mwenye kitenge cha bluu, halafu baba pale dirishani.